Chumba cha Barabara ya Pugu: Mhadhara juu ya Studio ya Redio na Muziki wa Dansi wa Dar es Salaam



Studio iliyorekodi sehemu kubwa kabisa ya muziki wa dansi wa nchi hii, tangu miaka ya 1960 mpaka mwanzo wa miaka ya 1990, haikuwa mali ya mfanyabiashara wala haikujengwa kwa nia ya kuuza santuri. Ilikuwa chumba cha redio ya serikali katika Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi huitwa Barabara ya Nyerere, mwendo usio mrefu kutoka Gerezani na Kariakoo. Na aliyetaka kuonja matunda yake hakwenda dukani, alifungua redio. Mniwie radhi nikianza na jambo linalojulikana kwa wazee wote waliohudhuria, lakini naliweka mbele kwa makusudi, maana wako wanaoieleza studio ile kana kwamba ilikuwa kampuni ya santuri iliyopungukiwa na fedha, ilhali ilikuwa chombo cha namna nyingine, kilichoundwa kwa nia nyingine; na mengi tunayoyasifu katika muziki wetu wa zamani, pamoja na mengi tunayoyalaumu, asili yake ni nia ile.

Turudi nyuma kidogo. Watu wa pwani walisikia lugha yao ikiimba ndani ya gramafoni miaka mingi kabla hawajawa na mahali pao pa kurekodia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zile zikaenea mwambao mzima, zikasikilizwa barazani na watu ambao hawakuwahi kumwona mwimbaji kwa macho. Safari ile iliweka desturi iliyodumu: mwimbaji wa Kiswahili ndiye aliyeifuata mashine ilikokuwa. Dar es Salaam ya zama hizo haikuwa maskini wa muziki. Ilikuwa na vyama vya taarab, Al-Watan na Egyptian, vilivyoshindana kwa nyimbo na mavazi. Ilikuwa, tangu miaka ya 1930, na Dar es Salaam Jazz Band. Ilikuwa na wapigaji, wachezaji, kumbi, na mashabiki waliokuwa tayari kugombana kwa ajili ya bendi zao. Ilichokosa ni chumba chenye mitambo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili miji ya Nairobi na Mombasa ilitangulia katika biashara hiyo. Mombasa palikuwa na duka la Assanand, lililotoa santuri kwa nembo ya Mzuri, na nembo hiyo ndiyo iliyoeneza nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro. Nairobi makampuni yaliongezeka katika miaka ya 1950, kila moja likiwatafuta wapiga gitaa. Huku kwetu mwaka 1950 alipita Hugh Tracey, mtafiti kutoka Afrika Kusini, akiwa na gari lake la mitambo, akarekodi ngoma za bara na bendi za dansi, kisha akaenda zake na utepe wake. Na yeyote anayetaka leo kusikia jinsi Tanganyika ilivyopiga dansi katika mwaka ule hana budi kumshukuru mgeni huyo, ijapokuwa shukrani hiyo ina uchungu kidogo ndani yake.

Mwaka uliofuata, 1951, serikali ya kikoloni ilianzisha kwa majaribio kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, ambacho nguvu zake hazikuvuka sana viunga vya mji. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 serikali huru ikalivunja shirika hilo, ikaiweka redio chini ya wizara, ikaipa jina ambalo halijatoka katika ndimi za watu hadi leo, Redio Tanzania Dar es Salaam. Habari za vyeo na za mitambo ya kurushia matangazo nitaziacha, kwa kuwa zimeandikwa na wengine. Linalotuhusu ni hili: redio ina saa nyingi za kujaza kila siku, na redio ya taifa changa lililotaka kujisikia lenyewe haikuweza kuzijaza saa hizo milele kwa santuri za Cuba, za Kongo na za Uingereza. Viwanda vya santuri havikuwapo nchini. Basi redio ikaamua kurekodi yenyewe. Ikawaita waimbaji wa ngoma, wa kwaya na wa taarab, na ikaziita bendi za dansi kutoka Kariakoo, Ilala, Tanga, Morogoro, Tabora na kwingineko, zije zipige mbele ya kinasa sauti, ili yaliyopigwa yatangazwe.

Mtu asiyewahi kuona kazi ile ikifanyika hudhani kuwa kurekodi zamani kulikuwa sawa na kurekodi leo, isipokuwa mashine zilikuwa kubwa zaidi. Sivyo hata kidogo. Bendi ilifika na ala zake, aghalabu katika gari la taasisi iliyoimiliki, watu kumi, kumi na wawili, pengine zaidi. Wakaingia wote pamoja katika chumba kimoja ambacho kuta zake zilizibwa ili sauti isirudi. Upande wa pili wa kioo alikaa fundi mitambo. Vinasa sauti vilikuwa vichache, na njia za kuvichanganya zilikuwa chache vilevile, hivyo fundi hakupanga sauti kwa vidole juu ya meza yake tu, alizipanga kwa miguu ya wapigaji. Wenye tarumbeta na saksafoni walisogezwa nyuma, kwa sababu tarumbeta iliyo karibu humeza maneno ya mwimbaji; mpiga ngoma za miguu aliwekwa pembeni; waimbaji watatu walibanana mbele ya kinasa sauti kimoja, na yule mwenye sauti nzito akaambiwa arudi hatua moja, ili nyembamba ya mwenzake ipate nafasi. Mpiga solo akipandisha sauti ya gitaa lake kwa bashasha, fundi alimwashiria kwa kiganja kupitia kiooni. Wimbo ulijaribiwa kipande, ukasikilizwa, mtu akasogezwa tena. Kisha taa nyekundu ikawaka, na kila mtu akazuia kikohozi chake.

Tangu taa ile kuwaka mpaka kuzimika, kilichopigwa ndicho kilichobaki. Hapakuwa na namna ya kumwita mpiga besi kesho yake arekebishe noti moja aliyoikosa, wala ya kumwondoa mwimbaji mmoja na kuwaacha wenzake, kwa maana sauti zote ziliingia utepeni kwa mara moja, zimeshikana. Kosa likitokea katika dakika ya tano ya wimbo wa dakika sita, wimbo ulirudiwa kutoka mwanzo, au kosa likaachwa liende hewani. Na msikilizaji makini wa rekodi za miaka ya 1960 atasikia, hapa na pale, gitaa linalochelewa kidogo, au kibwagizo ambacho mwimbaji mmoja amekiingia kabla ya wenzake. Mimi siyaoni hayo kuwa aibu. Utaratibu ule ulilazimisha bendi kuingia studio ikiwa imekwisha kuuiva wimbo ukumbini, usiku baada ya usiku, mbele ya wachezaji ambao walikuwa waamuzi wakali kuliko fundi yeyote. Na matokeo yake ni kwamba katika rekodi za Mlimani Park za mwanzo wa miaka ya 1980, ambamo Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule wanapokezana uimbaji, hatusikii sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine, tunasikia watu wanaosikilizana.

Liko jambo jingine la mitambo ambalo nalithamini sana, na ambalo sijaona likipewa haki yake. Santuri ndogo ya mizunguko 45, ambayo ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ya Nairobi, huchukua kama dakika tatu au nne kila upande; kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili, na msikilizaji aliinuka kugeuza santuri mahali pale pale ambapo magitaa yalianza kupamba moto. Redio Tanzania haikuwa na kifungo hicho. Utepe wa futi 1,200 ukienda kwa kasi ya inchi 7.5 kwa sekunde huchukua zaidi ya nusu saa, na aliyeulipia hakuwa na haja ya kuuona ukigeuka santuri. Mtunzi wa Dar es Salaam aliweza, basi, kueleza kisa chake taratibu katika sehemu ya kwanza ya wimbo, aya kwa aya, kama mtu anayesimulia barazani, halafu akaiachia bendi nafasi ya kutosha katika sehemu ya pili, yaani mchemko, tarumbeta zikiitikiana na magitaa, bila mtu yeyote kutazama saa kwa hofu ya kufika mwisho wa mfuo. Ule urefu wa nyimbo zetu, ule utulivu wake, ile tabia ya kumpa msikilizaji barua nzima badala ya salamu tu, watu huusifu kuwa ni tabia ya Kiswahili, na huenda ni kweli kwa kiasi. Lakini tabia hiyo isingesalimika kama chumba chetu kingekuwa mali ya muuza santuri.

Lakini chumba cha serikali kina masharti ya serikali. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kurekodiwa, na wimbo ulioonekana kuwa na matusi, au kugusa wakubwa, au kupingana na siasa ya nchi, haukupata kwenda hewani. Wako wanaolia kwa ajili ya nyimbo zilizokataliwa, nami nalia pamoja nao, kwa kuwa hatutazisikia. Walakini mtunzi wa Kiswahili hakufundishwa mafumbo na redio. Aliyarithi kwa washairi na waimbaji wa taarab, ambao walikuwa mabingwa wa kumsema mtu aliye mbele yao bila mwenyewe kupata ushahidi wa kutosha wa kukasirika. Masharti yale yaliwabana wasio na ufundi kuliko walionao. Nyimbo za kusifu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na zile za Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, zilipita bila taabu, na nyingi zimesahauliwa. Nyimbo za ndoa, deni, ulevi, wivu na jirani mbaya zilipita pia, na hizo ndizo zinazoombwa hadi leo katika vipindi vya zilipendwa.

Sasa niseme juu ya fedha, ambako ndiko kwenye mzizi wa malalamiko. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi za umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, iliingia baadaye katika mikono ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, lenye ukumbi wake hapo Kariakoo. Mwajiri alinunua magitaa na vipaza sauti, akawalipa wapigaji mishahara. Mapato yalitoka mlangoni, kwa kiingilio cha ukumbi. Katika mpango huo rekodi ya redio haikuwa bidhaa, ilikuwa tangazo: wimbo ukisikika mara nyingi wiki hii, Jumamosi ukumbi unafurika. Kila upande ulijiona umepata haki yake. Redio ilipata muziki kwa malipo madogo, bendi ikapata watu, mwajiri akapata kiingilio, na utepe ukabaki rafuni katika Barabara ya Pugu. Hakuna aliyeuliza sana utepe ule ni wa nani, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyedhani kuwa siku moja utepe wenyewe utakuwa na bei.

Gurumo ni mfano mzuri, na namtaja kwa heshima. Aliimba NUTA Jazz tangu siku za mwanzo wake, akahamia Mlimani Park ilipoanzishwa, akaenda Orchestra Safari Sound katikati ya miaka ya 1980, kisha akarudi kwa wenzake wa zamani ambao bendi yao, baada ya kuitwa NUTA, Juwata na OTTU, sasa inajulikana zaidi kwa jina la Msondo. Bendi zilibadilika, waajiri wakabadilika, lakini chumba cha kurekodia kilikuwa kile kile. Na katika ghala ile moja ya redio ndimo zilimo sauti zake zote, ya ujana na ya utu uzima. Sina habari ya kampuni yoyote ya Ulaya au Marekani iliyopata kumfuata mwimbaji mmoja kwa uaminifu wa namna hiyo. Uaminifu huo, hata hivyo, haukumjengea nyumba.

Aliyetaka santuri yenye jina lake, na fedha ya santuri, alikwenda Nairobi. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walihamia huko na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakasimamisha Simba Wanyika, bendi iliyozaa nyingine kadhaa, hata Wakenya wengi wakaihesabu kuwa yao, na sioni sababu ya kuwanyima. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, alirekodi Nairobi nyimbo zilizouzwa Afrika Mashariki nzima, mpaka ajali ya gari ilipomwondoa duniani Januari 1979 huko Mombasa. Wakati huo njia yenyewe ilikuwa imekwisha kuharibika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Kwa bendi za Dar es Salaam miaka sita hiyo ilikuwa na athari mbili zilizopingana: mlango wa santuri ulizibwa, na chumba cha redio, ambacho sasa hakikuwa na mshindani wa karibu, kikafanya kazi yake bora kuliko zote. Shirika la filamu la serikali, TFC, lilijitia katika kazi ya kurekodi pia, likatoa baadhi ya nyimbo nzuri, lakini nchi iliyokuwa haina fedha za kigeni za kununulia hata sabuni haikuweza kuendesha biashara ya santuri, na jambo hilo nitalipita bila kulaumu.

Kanda ndiyo iliyoyabadili yote hayo, na kanda ilikuwa mali ya Kariakoo. Redio yenye mtambo wa kurekodi ilipoingia majumbani, wimbo uliotangazwa saa nane mchana uliweza kunaswa na mtu yeyote aliyekuwa na kidole chepesi, na kanda nyingi za nyumba za Waswahili mpaka leo zina sauti ya mtangazaji ikikatwa katikati ya neno, kwa kuwa mwenye kanda aliwahi kuizima. Kisha vikatokea vibanda. Mteja alikwenda na karatasi yake ya nyimbo, zimeandikwa kwa penseli, upande wa kwanza Msondo, upande wa pili Sikinde, yaani Mlimani Park, akachagua kanda tupu ya dakika 60 au 90 kwa kadiri ya mfuko wake; mwenye kibanda akazichomeka kanda mbili katika mashine moja, akabonyeza, akageukia mteja mwingine. Spika iliyowekwa nje kuvutia wapita njia ilikuwa redio ya pili ya mtaa. Hapo ndipo nyimbo za chumba cha Barabara ya Pugu zilipoanza kuuzwa kwa mara ya kwanza kwa wingi, na wauzaji hawakuwa wapigaji, hawakuwa mwajiri wa bendi, wala hawakuwa redio. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, aliyezaliwa Kariakoo mwaka 1955 na ambaye sauti yake ilikuwa ikitoka katika spika hizo kila siku ya Mungu, alifariki mwaka 1995. Na aliyetaka kujua umaarufu una tofauti gani na mali angeweza kutembea Mtaa wa Msimbazi siku yoyote ya miaka ile akasikiliza.

Waajiri wa umma walipolegea, na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa redio za watu binafsi, Radio One ikiwa miongoni mwa za mwanzo mwaka 1994, chumba kile kilipoteza upekee wake karibu ghafla. Upanga, katika kituo cha vijana cha Don Bosco, palikuwa na studio iliyopokea vijana wa kizazi kipya, ikatokea Mawingu, akatokea Master Jay na MJ Production, akatokea P-Funk Majani na Bongo Records, iliyotengeneza, pamoja na nyingine nyingi, nyimbo za Profesa Jay na Juma Nature zilizowafanya wazazi wa nchi hii wakubali, bila kupenda, kwamba vijana wao nao wana la kusema. Studio hizo zilikaa katika nyumba za kawaida. Chumba cha kulala kiligawanywa kwa ubao na kioo, ukutani zikapachikwa godoro na trei za mayai, mezani kompyuta. Kijana akaingia peke yake na daftari, akavaa vipokea sauti masikioni, akaimba juu ya mdundo uliotengenezwa jana na mtu ambaye pengine hawakuwahi kukutana. Akikosea mstari mmoja, huurudia mstari huo mmoja.

Nimekwisha kusikia wazee wa dansi wakiudhika na jambo hili, wakidai kuwa muziki umekufa, nami siwafuati huko. Kijana yule asingeweza kupata magitaa matatu, tarumbeta mbili na ngoma za kizungu hata angeuza shamba la baba yake, na taasisi za kumnunulia zilikuwa zimekwisha kufilisika. Kompyuta ilimpa bendi asiyoweza kuiajiri. Tena alipata kitu ambacho Gurumo hakukipata, yaani uwezo wa kutoka studio na kanda mkononi, akaipeleka mwenyewe kwa msambazaji wa Kariakoo na kupatana naye bei. Kwamba bei hiyo mara nyingi ilikuwa ndogo, kwamba msambazaji ndiye peke yake aliyejua kanda ngapi zimetoka, ni kweli. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ikaanzishwa mwaka 2001, na stempu za kodi zikaanza kubandikwa juu ya kazi za muziki na filamu mwaka 2013, wakati ambapo kanda ilikuwa imekwisha kufa na santuri za leza zilikuwa zikiifuata. Serikali zetu zina desturi ya kufika arusini wakati vyombo vinaoshwa. Hasara ninayoiona mimi katika studio mpya si ya fedha wala ya adabu, ni ya usikivu: mpigaji asiyewahi kusimama chumba kimoja na wenzake kumi, akajua kuwa akipiga kwa nguvu mno atamfunika mwimbaji, hukosa somo ambalo mashine haina haja ya kumfundisha.

Nirudi katika rafu za redio. Redio Tanzania ikawa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, kisha ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na tepe zimehama kutoka jina hadi jina zikiwa zimekaa pale pale. Utepe wa sauti ni ukanda wa plastiki uliopakwa vumbi la chuma kwa gundi. Joto na unyevu wa pwani huilegeza gundi, vumbi likabanduka, na likibanduka wimbo hubanduka nalo, wala hakuna fundi duniani awezaye kuurudisha. Baadhi ya nyimbo zimeokolewa kwa kunakiliwa. Baadhi zimetolewa ng'ambo katika santuri za leza, kama mikusanyo ya Mlimani Park iliyochapishwa Marekani na Ujerumani katika miaka ya 1990, ambayo asili yake ni rekodi za redio yetu. Na msikilizaji wa Chicago amezipata kwa sauti safi kuliko tulivyozipata sisi katika kanda za vibandani. Ziko pia nyimbo ambazo hazijatoka rafuni tangu zirekodiwe.

Ubishi juu ya nani mwenye haki katika tepe hizo ni mgumu kuliko wanavyodhani wanaoupigia kelele pande zote mbili. Redio hudai utepe, kwa kuwa iliununua, ikalipa umeme, fundi na chumba; mtunzi hudai wimbo, kwa kuwa redio haikuutunga; na wapigaji wengine kumi hudai, kwa haki kabisa, kwamba bila wao mtunzi angekuwa na maneno matupu. Mwanasheria anaweza kugawanya mambo hayo matatu vizuri mno juu ya karatasi. Lakini hawezi kumgawia fungu mtu asiyejulikana jina, na hapo ndipo penye upungufu ambao naona unaweza kutibiwa na watu waliomo ndani ya ukumbi huu. Mtangazaji alipoutangaza wimbo hewani alitaja bendi, jina la wimbo, na mtunzi au mwimbaji. Mpiga besi hakutajwa. Aliyepiga tumba hakutajwa. Michael Enock, aliyepiga gitaa la solo Dar es Salaam Jazz na baada ya miaka akapuliza saksafoni Mlimani Park, tunamtambua kwa sababu alikuwa mwalimu wa wengi na hao wengi walisema. Wapo wenzake waliopiga nyimbo ambazo nchi nzima inazijua, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba walikuwamo.

Gurumo alifariki Aprili 2014, na waliosimama naye mbele ya kinasa sauti kile katika miaka ya 1960 wamebaki wachache. Kwa hiyo nawaomba wale waliowahi kuingia chumba cha Barabara ya Pugu, ama kupiga ama kurekodi, na watoto wa waliotangulia mbele ya haki wenye picha za bendi au madaftari ya baba zao, wasiondoke upesi. Kwenye meza iliyo karibu na mlango pana daftari kubwa, kurasa zake zimepigwa mistari mitano: bendi, wimbo, mwaka, ala, na jina la aliyeipiga. Asiyekumbuka mwaka aache nafasi ya mwaka wazi, tutaijaza kwa kusikiliza.